Henry George: mtu aliyeuliza juu ya nini umaskini unakua pamoja na maendeleo

Safari hii ukurasa wetu wa maisha ya watu waliotangulia unaenda mbali, mpaka Marekani ya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Tunataka kusimulia maisha ya Henry George. Hakumaliza masomo, hakuwa profesa, hakuwa mtoto wa tajiri. Hata hivyo kitabu chake juu ya udongo na kodi kilisomwa na watu mingi sana katika dunia ya wakati wake, na wataalamu wa kodi wanabishana juu yake mpaka leo. Tumemchagua juu swali lake ni swali tunalokutana nalo kila siku: udongo ukipanda bei, ni nani aliyeupandisha, na ni nani anayekula ile faida?

Henry George alizaliwa tarehe 2 Septemba 1839 katika mji wa Philadelphia. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto 10. Baba yake alikuwa anachapisha vitabu vya dini, kiisha ile biashara ikaanguka, akafanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya ushuru wa forodha. Nyumba ilikuwa ya watu wa sala, lakini pesa ilikuwa kidogo. Henry aliacha masomo akiwa bado hajafikisha miaka 14, akaenda kutafuta kazi.

Mwaka 1855, akiwa na miaka 15, alipanda meli iliyoitwa Hindoo kama kijana wa kazi. Meli ilimpeleka mpaka Melbourne kule Australia, kiisha Calcutta kule Uhindi. Safari ilichukua miezi 14. Kule Uhindi aliona kitu ambacho hakukisahau: utajiri mkubwa sana na ufukara mkubwa sana vinakaa pamoja, kama nyumba mbili za jirani. Aliporudi kwao, baba yake alimtafutia nafasi ya kujifunza kupanga herufi za chapa. Zamani zile kila herufi ya gazeti ilikuwa kipande kidogo cha chuma, na mtu alizipanga moja moja kwa mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya pili, juu mtu anayepanga herufi analazimika kusoma kila neno.

Kazi ikakosekana Philadelphia. Wakati ule watu walikuwa wanasema California ni nchi ya dhahabu, kila mtu anayefika anapata. Kijana akapata kazi ndani ya meli ya serikali, akafika San Francisco mwaka 1858. Dhahabu hakuipata. Alijaribu bahati mpaka upande wa Kanada, akarudi mikono mitupu. Akaingia tena katika kazi ya kupanga herufi, leo kwa gazeti hili, kesho kwa lile, na siku zingine hakuna kabisa.

Tarehe 3 Desemba 1861 alioa. Bibi yake aliitwa Annie Fox, msichana yatima wa miaka 18, aliyezaliwa Australia. Familia ya Annie haikumtaka kijana asiye na kitu, kwa hiyo walifunga ndoa kwa kutoroka. Ile siku Henry alikuwa na nguo za kuazima na kipande kimoja tu cha pesa mfukoni. Lakini ile ndoa ilidumu mpaka kifo. Walizaa watoto 4, na Annie ndiye aliyesimama pamoja naye katika kila kitu tutakachosimulia hapa.

Mwezi wa Januari 1865 njaa iliingia ndani ya nyumba yao kweli kweli. Mtoto wa pili alikuwa amezaliwa, na munganga akasema mama na mtoto wanakosa chakula. Henry alitoka inje, akasimama barabarani, akamwendea mtu asiyemjua na kumwomba dola 5. Yule mtu alimuuliza ni za nini, akaelezwa, akatoa. Miaka mingi baadaye George alisema waziwazi kwamba ile siku alikuwa amekata tamaa kiasi cha kuweza kuua kama angenyimwa. Hakujisifu kwa maneno hayo. Aliyasema ili watu waelewe umaskini unaweza kumfikisha mtu mwema wapi.

Mwezi wa Aprili mwaka uleule, raisi Abraham Lincoln aliuawa. George, akiwa bado mpanga herufi, aliandika maneno ya uchungu wake na kuyapeleka kwa wakubwa wa gazeti alilokuwa analifanyia kazi. Wakayachapa, na tangu pale akaanza kuandika. Kidogo kidogo yule mtu wa herufi akawa mwandishi, kiisha mkubwa wa gazeti.

Mwaka 1868 aliandika makala juu ya njia ya reli iliyokuwa inajengwa kuunganisha California na upande wa mashariki wa nchi. Wote walikuwa wanafurahi na kusema reli italeta utajiri. George naye alikubali kwamba utajiri utakuja, lakini akauliza utamwendea nani. Alisema wenye viwanja watatajirika, na yule asiye na kitu isipokuwa mikono yake ataona maisha yanazidi kuwa magumu. Reli ilimalizika mwaka 1869. Miaka iliyofuata bei ya udongo na malipo ya nyumba vilimtesa mtu wa kazi, na mwaka 1877 wafanyakazi wa reli waligoma nchi nzima.

Majira hayo gazeti lake lilimtuma New York kutafuta mkataba wa kupata habari kwa waya wa telegrafu. Alishindwa, juu kampuni kubwa zilikuwa zimeshika ile kazi peke yao na hazikutaka mwingine aingie. Lakini alichokiona katika barabara za New York kilimsumbua zaidi ya kushindwa kwake. Mji ule ulikuwa tajiri kupita California, na maskini wake walikuwa maskini kupita wale wa California. Akajiwekea nadhiri kwamba atatafuta sababu mpaka aipate.

Sababu aliipata juu ya farasi. Mwaka 1870 alikuwa anatembea kwenye vilima karibu na Oakland. Alisimama kupumzika, akamuuliza mpita njia udongo wa pale unauzwa bei gani. Yule mtu akamwonyesha ng'ombe waliokuwa wanakula majani kwa mbali, akamwambia kuna mwenye anauza kule dola 1,000 kwa eka moja, kipimo ambacho hakifiki hata nusu ya ekitari. Udongo mtupu! Hakuna nyumba, hakuna shamba, ni majani tu. Palepale George akaelewa. Mwenye ule udongo hakuwa amefanya kitu. Bei ilipanda juu watu wanakuja, reli inakuja, mji unakaribia. Jasho ni la wote, faida ni ya mtu mmoja. Na yule atakayetaka kujenga au kulima atalazimika kumlipa yule mmoja kwanza, hata kabla hajapiga jembe.

Hili wazo ndilo alilolibeba maisha yake yote. Alilieleza kwanza katika kijitabu cha mwaka 1871, kiisha katika gazeti lake la San Francisco, ambalo alilipoteza mwaka 1875. Mwaka 1876 gavana wa California alimpa kazi ya kukagua mita za gesi. Kazi ilikuwa nyepesi, mshahara mdogo, lakini ilimwachia saa za kuandika. Mwaka 1877 alialikwa kuzungumza kwenye chuo kikuu cha California. Marafiki walitumaini atapewa nafasi ya kufundisha uchumi pale. Yeye akawaambia wanafunzi kwamba ili kuelewa uchumi hawahitaji maprofesa wala vitabu vingi, wanahitaji kufikiri wenyewe tu. Hakualikwa tena.

Mwezi wa Septemba 1877 alianza kuandika kitabu chake kikubwa, ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita Maendeleo na Umaskini. Alikimaliza usiku mmoja wa Machi 1879, peke yake chumbani, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipiga magoti akalia sawa mtoto. Wachapishaji wa New York walikikataa. Kampuni ya Appleton ikakubali mwishoni, lakini kwa sharti kwamba mwandishi atengeneze mwenyewe sahani za kuchapia. Basi mpanga herufi wa zamani akarudia kazi yake: rafiki mmoja alitoa mashine, na George mwenyewe akapanga herufi za kwanza. Nakala 500 zilitoka San Francisco mwaka 1879, na toleo la Appleton likafuata mwaka 1880. Hapo mwanzo hakuna aliyejali. Baada ya miaka michache kilikuwa kimetafsiriwa katika lugha mbalimbali na kinauzwa kwa mamia ya maelfu.

Kitabu kinasema nini? Tukieleze kwa urahisi. Kuna vitu mtu anavitengeneza kwa jasho lake: nyumba, mavuno, viatu, bidhaa dukani. Hivyo ni vyake, na serikali ikivitoza kodi inamwadhibu kwa kufanya kazi. Lakini udongo wenyewe hakuna mtu aliyeutengeneza. Kiwanja kilicho karibu na soko kina bei kubwa kuliko kiwanja cha porini, si kwa kuwa mwenyewe ni hodari, bali juu ya soko, barabara, na watu wanaopita pale. Ile bei imetengenezwa na wote. Kwa hiyo, alisema George, kila mtu abaki na kiwanja chake na karatasi zake, asinyang'anywe. Lakini kila mwaka alipe kodi inayolingana na thamani ya kiwanja kitupu, bila kuhesabu kile alichojenga juu yake. Kodi zingine zote zifutwe. Njo maana wafuasi wake waliita mpango huo kodi moja.

Matokeo aliyoyatazamia ni haya. Mtu aliyefunga kiwanja miaka 20 bila kukitumia, akingoja bei ipande, ataona kukaa hivyo kunamgharimu. Atajenga, atalima, au atamwachia mwingine. Mtu aliyejenga nyumba nzuri hataongezewa kodi kwa sababu ya bidii yake. Na pesa itakayoingia italipia barabara, masomo na maji ya wote.

Mwaka 1880 George alihamia New York na familia yake. Mwaka uliofuata gazeti moja la watu wa Ayalandi walioko Marekani lilimtuma kule kwao, ambako wakulima walikuwa wanafukuzwa katika mashamba kwa kushindwa kulipa wenye udongo. Alikaa karibu mwaka mzima akiandika na kuhutubia. Mwezi wa Agosti 1882 polisi walimkamata mara mbili kama mgeni wa kutiliwa shaka, kiisha wakamwachilia. Kumbe walimfanyia kazi: jina lake lilienea katika Uingereza yote.

Mwaka 1886 vyama vya wafanyakazi vya New York vilimtaka asimame kugombea umeya. Aliwaambia atakubali ikiwa watu 30,000 wataweka sahihi kwamba watamchagua. Walipita 34,000. George alisimulia baadaye kwamba mjumbe wa wanasiasa wakubwa wa mji alikuja kumwahidi kiti katika bunge la taifa ikiwa atajitoa. Alikataa. Siku ya kura Abram Hewitt alipata 90,552, George 68,110, na kijana mmoja aliyeitwa Theodore Roosevelt 60,435. Yule wa tatu baadaye akawa raisi wa Marekani. George alishindwa, lakini mtu bila chama kikubwa na bila pesa alikuwa amewaogopesha wenye mji.

Padiri mmoja wa New York, Edward McGlynn, alimuunga mkono waziwazi. Askofu mkuu wake alimsimamisha, na mwaka 1887 akatengwa na Kanisa. Alirudishwa mwaka 1892. Katikati ya hayo, mwaka 1891, Papa Leo wa 13 alitoa barua yake maarufu juu ya hali ya wafanyakazi, akitetea haki ya mtu kumiliki udongo. George alimjibu kwa kitabu kizima, kwa heshima na bila woga. Yeye hakuwa Mkatoliki, lakini bibi yake alikuwa Mkatoliki.

Wasomi nao hawakumwachia. Mwaka 1890, kule Saratoga, alibishana mbele ya watu na Edwin Seligman, profesa wa chuo kikuu cha Columbia, mmoja wa wataalamu wakubwa wa kodi katika Marekani. Seligman alisema mtu atozwe kodi kulingana na uwezo wake wa kulipa. Ukitoza udongo peke yake, tajiri mwenye hisa na viwanda anapita pembeni, na mkulima ambaye mali yake yote ni shamba anabeba mzigo. Hoja hiyo ni nzito, na haifai kuificha. Marekani yenyewe ilifuata zaidi njia ya Seligman: mwaka 1913 katiba ilibadilishwa ili kuruhusu kodi ya mapato ya nchi nzima.

Kuna kitu kingine hatuwezi kukiruka. Mwaka 1869 George aliandika makala kali dhidi ya Wachina waliokuja California kutafuta kazi. Aliwasema vibaya kama taifa, akataka wazuiwe kuingia. Alimtumia hata mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill, na Mill katika jibu lake hakumkubalia yote. George hakuliacha lile wazo. Mtu aliyeona vizuri kwamba mshahara unashuka juu udongo umefungwa na wachache, yeye mwenyewe alimnyooshea kidole mgeni aliyekuwa anachimba njia ya reli. Wandugu waliowahi kuitwa wageni, kule walikokimbilia na hata pale waliporudi, wanaelewa vizuri hatari ya kidole kile. Tunaweza kuchukua hesabu yake ya udongo na kuacha chuki yake.

Marafiki pia walipungua. Mwaka 1887 alitengana na wasoshalisti waliokuwa pamoja naye. Mwaka uleule alikataa kuwatetea wanaanakia wa Chicago waliohukumiwa kunyongwa, na wafanyakazi mingi hawakumsamehe. Mwaka 1890 alizunguka Australia, nchi alikozaliwa bibi yake, na watu wakampokea kwa shangwe. Aliporudi, mwezi wa Desemba, alipata kiharusi. Alipona, lakini nguvu hazikurudi zote.

Mwaka 1897 waliomwamini walimwomba agombee tena umeya wa New York. Waganga walimwonya kwamba kampeni itamuua. Alizungumza na Annie, na Annie akamwambia afanye kile anachoona ni wajibu wake. Alihutubia mara nyingi, siku zingine mikutano kadhaa kwa usiku mmoja. Alfajiri ya tarehe 29 Oktoba, siku 4 tu kabla ya kura, kiharusi kilirudi akafa. Alikuwa na miaka 58. Watu wanaokadiriwa kufika 100,000 walipita mbele ya jeneza lake. Mtoto wake mkubwa, Henry, alichukua nafasi yake kwenye karatasi za kura. Alizikwa Brooklyn.

Mbegu yake ilisambaa. Mwandishi Leo Tolstoy wa Urusi alimsifu mpaka uzeeni. Sun Yat-sen, baba wa jamhuri ya China, aliingiza wazo lake katika mafundisho yake, na Taiwan ikaweka kodi ya udongo. Denmark na miji mingi ya Australia zilitoza thamani ya udongo. Mji wa Pittsburgh, kwa sheria ya mwaka 1913, ulianza kutoza udongo zaidi ya majengo. Hapa karibu, Nairobi kwa miaka mingi ilihesabu kodi ya mji juu ya uwanja mtupu, si juu ya jengo. Na mwaka 1904 mama mmoja mfuasi wake, Lizzie Magie, alipata hati ya mchezo wa ubao alioutengeneza kuonyesha vile mwenye viwanja anavyomaliza wengine. Mchezo ule ndio uliozaa Monopoly, ambao leo watu wanaucheza wakishangilia yule anayenyang'anya wenzake wote.

Na kwetu? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Leta, na raia anapewa haki ya kuutumia. Lakini kila mtu anajua parseli zinanunuliwa na kuuzwa, na bei inapanda. Sisi tunaofanya kazi ya shirika tunaliona hilo kwa macho. Barabara ikitengenezwa, bomba la maji likifika, masomo ikifunguliwa, bei ya viwanja vya pembeni inaruka mwezi uleule. Yule aliyefunga viwanja 5 bila kupanda hata muhogo anacheka. Familia iliyorudi juzi na watoto na masufuria tu inaambiwa bei ambayo haiwezi. Ule musaada ulikuja kwa jina la waliorudi, na sehemu yake kubwa imeingia mfukoni mwa mtu ambaye hakuwa hata kwenye orodha.

Kodi moja ya George haitatatua palabre zetu za udongo. Palabre hizo zina mambo ya mipaka, ya machifu, ya karatasi zilizopotea wakati wa vita. Lakini swali lake tunaweza kulitumia tangu kesho. Mradi ukija kijijini, kamati iulize mapema, kabla ya jiwe la kwanza: viwanja vya karibu ni vya nani, vimekaa bure tangu lini, na waliorudi watapata nafasi gani kabla bei haijapanda? Tuandike majibu, tuyasome mbele ya wote, chifu akiwepo. Bei ya ule udongo tumeipandisha sisi sote, na ni haki yetu kuuliza inaenda wapi.